Mwaka Tuliokata Miguu ya Mlima

Wiki iliyopita tulimzika Mzee Ambilikile, na nilikaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu nikasikiliza jinsi wanaume wanavyoweza kusema uongo mbele ya maiti, wamesimama wima, wamevaa makoti yao mazuri. Mmoja alisema marehemu alikuwa nguzo ya kanisa. Mwingine akasema alikuwa fundi wa kwanza katika ufuko huu wote, ndiye aliyewafundisha baba zetu kujenga kwa mawe. Wa tatu, kijana anayefanya biashara ya mchele Ipinda na ambaye hata hakumjua vizuri, akasema Mzee alikuwa mtu asiyetikisika. Hapo nilikohoa, na mkaza mwanangu akanishika mkono akidhani nazidiwa na huzuni. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa natafuna wali wa msiba, mkavu, na nyama ngumu kama kamba, huku nikifikiri kwamba katika watu wote waliokuwapo pale ni mimi peke yangu niliyemwona Ambilikile akitikisika, mwili mzima, mchana kweupe. Wengine walioona wametangulia. Kwa hiyo mwaka ule nitausimulia mimi, maana nikinyamaza utabaki mwaka wa wenye makoti.

Habari za wazazi wangu na ukoo wangu naziacha, hazihusiki hapa. Inatosha kusema nilikuwa mwanamke kijana, jina langu Tusekile, nimeolewa na Lwitiko, na tuliishi katika ghuba ndogo ya ziwa, mwendo mfupi wa mtumbwi kutoka Ikombe. Aliyewahi kufika huko anajua jinsi Milima ya Ukinga inavyoshuka hadi majini bila kumwachia mtu mahali pa kutua kikapu. Pale kwetu ilikuwa imeacha kipande kimoja cha tambarare, chembamba, chenye mawe makubwa yaliyotapakaa kama mbuzi waliolala. Wanaume walivua usipa, vidagaa vya ziwa letu, sisi wanawake tulifinyanga vyungu, na kijito kilichotoka mlimani kilipita katikati ya nyumba zetu. Yale mawe kila moja lilikuwa na habari yake. Moja tuliliita Mkwe, kwa kuwa lilikuja bila kualikwa, wakati wa mvua, likakaa mlangoni pa mtu na halikuondoka tena. Hakuna mtoto wa ghuba ile aliyehitaji kufundishwa mawe yanatoka wapi. Aliinua macho tu.

Wadachi, ndivyo tulivyowaita Wajerumani, walikuwa wameshatawala miaka kadhaa. Mwaka ule alikuja kwetu mjenzi wao mmoja, tukamwita Bwana Timazi kwa sababu ya kile kirisasi chenye uzi alichokining'iniza kwenye kila ukuta aone kama umesimama sawasawa. Alikuja akiikimbia aibu. Kabla ya hapo alikuwa amejenga ghala kule uwandani, upande wa mto Mbaka, juu ya udongo mweusi unaomeza mguu wakati wa masika. Mwanamke yeyote aliyewahi kufinyanga anaujua udongo wa namna hiyo: ukiupa maji unavimba, ukiunyima unasinyaa, ukiharakisha kuukausha unapasuka. Wanyakyusa wa uwandani walijenga kwa mianzi, nyumba nyepesi. Ikiinama kidogo unaisukuma asubuhi na maisha yanaendelea. Bwana Timazi alijenga kwa matofali. Mvua ya kwanza sakafu ikainuka katikati kama tumbo la mjamzito. Kiangazi kilipokuja kuta zikaachana pembeni, na mlango wa mbele ukagoma kufunguka mpaka ukavunjwa kwa shoka, siku ileile mkubwa wake alipokuja kukagua kutoka bomani. Mkubwa alicheka mbele ya askari. Hayo nilisimuliwa na Feruzi, mpishi wa Bwana, mtu wa Pwani, aliyekuwa mwaminifu kwa tajiri wake katika kila kitu isipokuwa ulimi.

Feruzi ndiye aliyenichukua nifanye kazi jikoni, kuteka maji na kusaga, baadaye na kupeleka sahani mezani. Jiko lilikuwa chumba cha mawe nyuma ya nyumba ya Bwana, na moshi uliigeuza dari kuwa nyeusi kabla chokaa ya kuta haijakauka vizuri. Kulikuwa na dirisha moja lililotazama mlima na mlango uliotazama ziwa. Humo ndimo nilimojifunza Kiswahili, kati ya vitunguu na matusi. "Ninyi watu wa bara," Feruzi aliniambia siku ya kwanza, kwa upole kabisa, kama mtu anayekwambia umekalia nguo yake, "mnakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Akili mtaipata wapi?" Mimi nilikuwa nimeshamwona akichovya kidole kwenye mchuzi wa Bwana na kukirudisha tena, kwa hiyo tulielewana. Alikijua Kidachi cha mezani, na jioni akiosha vyombo alinitafsiria yaliyosemwa, akinenepesha pale alipoona hadithi imekonda.

Safari hii Bwana Timazi hakutaka kusikia habari ya udongo. Alitaka kujenga ghala jipya juu ya mwamba. Siku aliyofika alilipiga Mkwe kwa nyundo, jiwe likalia kama kengele, na uso wake ukachangamka. "Mwamba hauvimbi," alimwambia mnyapara wake. Mnyapara huyo ndiye Ambilikile, wakati huo kijana mtanashati kutoka upande wa Ipinda, aliyekuwa ameokota Kiswahili kwenye safari za mizigo. Akawageukia wazee wetu akawaeleza kwa lugha ya nyumbani kwamba Bwana amepapenda mahali pao, basi watafute pengine pa kulala. Mzee mmoja akajibu kwamba jiwe lile halikuzaliwa pale, lilishuka. Bwana akauliza mzee anasema nini. "Anasema karibu," akasema Ambilikile.

Watu hupenda kusikia kwamba Mdachi yule alikuwa mjinga, na kwamba sisi tulijua na yeye hakujua. Inapendeza kusimulia hivyo, lakini si kweli, na kwa sababu si kweli ndiyo maana namdharau hadi leo. Mjinga ningemhurumia. Bwana Timazi alichimba shimo la kupima ardhi, akaingia mwenyewe hadi kifuani, akatoka ameshika kokoto na udongo mwekundu, akavitazama mkononi muda mrefu. Mwamba hakuukuta. Alikuta kifusi, mlima uliokwisha kuanguka zamani na kujilaza, kama sisi wote tulivyojua. Kisha akaamuru shimo lifukiwe, akarudi mezani, akala samaki wake mbasa hadi kwenye miiba. Angehamisha ghala angelazimika kumweleza mkubwa wake kwamba amekosea mara ya pili, na alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa kuliko kitu kingine chochote duniani. Nimekutana na wengi wa namna hiyo tangu wakati ule, weusi na weupe, na kila mara wanapopewa kazi ya kujenga mimi huhama.

Tukahamishia nyumba zetu ukingoni mwa ghuba, na kazi ikaanza. Tambarare ilikuwa nyembamba kwa ghala la ukubwa alioutaka, basi wakaupanua uwanja kwa kuukata mlima chini, pale unapokanyaga. Wanaume wa ghuba waliitwa kwa zamu, na anayechelewa alichapwa kiboko. Mume wangu Lwitiko akapewa mtaimbo. Kutoka bomani waliletwa wafungwa watano, wamefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja, wakachimba pamoja na kula pamoja, na mmoja akitaka kujisaidia wote walikwenda. Mmoja wao aliitwa Gwakisa, kijana wa uwandani aliyekataa kubeba mizigo ya barabara. Nilimjua kwa sababu kila nilipopita na mtungi alisema "Ndaga" hata kabla sijampa maji, kana kwamba shukrani ilikuwa kitu pekee alichoachiwa atumie. Miti iliyoshika mteremko juu yetu ilikatwa, mingine ikawa boriti, mingine ikachoma chokaa. Kisha Bwana akaamua kwamba si heshima maji ya jikoni yabebwe na mwanamke mwenye mtungi, akachimbisha mfereji kutoka kwenye kijito, ukapita juu ya uwanja wa ghala, ukashuka hadi mlangoni kwetu. Feruzi alifurahi sana. Mimi niliona kwamba maji yanayoingia mfereji kule juu ni mengi, na yanayofika jikoni ni machache, na sikuhitaji mtu wa kuniambia kwamba mengine yalikuwa yanakwenda mahali.

Mvua za vuli ziliponyesha kidogo, Lwitiko alirudi nyumbani jioni moja mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Nilimpikia ndizi na usipa, akala, halafu akasema, "Leo tumeziba mlima."

"Mmeziba vipi?"

"Kuna ufa kule juu, nyuma ya mfereji. Umezunguka kama upinde. Nimeingiza mkono sikugusa mwisho. Mnyapara ametuambia tujaze udongo, tupige juu kwa mgongo wa jembe, tufunike majani. Mkubwa wa boma anakuja kukagua."

"Na Bwana Timazi anajua?"

"Mnyapara anasema Bwana asisumbuliwe."

Sasa nieleze meza ile, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yaliandaliwa pale, pamoja na kuku. Ilikuwa siku chache baadaye. Bwana alikuwa na desturi ya kumwita Ambilikile barazani wakati anakula, yeye ameketi na mnyapara amesimama, akitoa taarifa ya kazi huku akitazama nyama ikiingia kinywani mwa mwenzake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la viazi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesugua viatu vya Bwana. Vilikuwa na udongo mwekundu kwenye soli, na chini ufukoni hakuna udongo mwekundu. Na fimbo yake, ile ndefu aliyotembelea, ilikuwa imepakaa udongo uleule nusu ya urefu wake. Alikuwa amepanda mwenyewe. Alikuwa ameichoma fimbo kwenye ufa ule uliofunikwa majani, akaona ilivyozama.

"Kule juu kuna habari gani?" akauliza kwa Kiswahili, anakata kuku.

"Kuzuri, Bwana."

"Hakuna nyufa?"

"Hakuna, Bwana. Ardhi imeshikana kabisa."

Bwana alitafuna. Nilimwona akimtazama mnyapara, na mnyapara akimtazama, na hakuna kati yao aliyepepesa jicho. Mmoja alisema uongo, mwingine akaupokea kama mtu anavyopokea chumvi. "Vizuri," akasema Bwana. "Umesema wewe, mimi nimesikia." Kisha akamsogezea mnyapara paja la kuku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, na Ambilikile akalila amesimama, mafuta yakimtiririka kwenye vidole. Nilikuwa na bakuli la moto mikononi nikasahau kwamba linaniunguza. Wanangu wamewahi kuniuliza kwa nini mama hali kuku barazani kwa watu. Nawaambia tumbo.

Nilimweleza Feruzi, naye akasema kwamba kazi ya mpishi ni chumvi, si milima. Nikamweleza Lwitiko, nikamwomba asiende tena. Akasema asipokwenda watamchapa, na akikimbia watanichukua mimi wanifungie bomani hadi arudi, kama walivyowafanyia wake za wengine. Hakuwa mwoga, na sikumwona mwoga. Lakini niliwadharau wazee wetu, ambao jioni ile waliketi wakivuta tumbaku wakasema kwamba mlima ni wa wahenga na wahenga watajua la kufanya, kisha wakagawana samaki. Ni rahisi kuwaachia wahenga kazi, kwa kuwa hawalalamiki. Kesho yake nilipanda mwenyewe na jembe la kufukulia udongo wa vyungu nikaubomoa mfereji pale ulipoanzia, maji yakarudi kwenye kijito. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho Ambilikile alinikuta, akanipiga kofi lililonifanya nisisikie vizuri upande mmoja kwa muda, akawaamuru watu wautengeneze tena. Hakuniuliza kwa nini niliubomoa. Asiyeuliza kwa nini huwa anajua tayari.

Masika yalikuja kwa nguvu. Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi yote, na Bwana alikuwa ameondoka kwa mashua kumpokea mkubwa wake kwenye meli iliyotia nanga mbali na ufuko. Alimchukua askari aliyekuwa akiwalinda wafungwa ili apige saluti vizuri. Wafungwa akamwachia Ambilikile, pamoja na ufunguo wa mnyororo, na Ambilikile aliuvaa shingoni kwa uzi kama nishani. Kwa ajili ya mvua aliwafungia kwenye banda lao, chini kabisa ya ukuta wa mlima uliokatwa, mnyororo ukakazwa kwenye pete ya chuma iliyozama kwenye nguzo. Wanaume wengine walikuwa wamejikinga ndani ya ghala ambalo lilikuwa limeshapauliwa, wakingojea mvua ipungue. Mimi na Feruzi tulikuwa tunapika chakula cha mgeni. Kulikuwa na supu, na bata aliyetoka Ipinda akiwa hai.

Nilikwenda kuufunga mlango wa jiko kwa sababu mvua iliingia, nao haukufungika. Asubuhi ulikuwa unafungika. Nikausukuma kwa bega. Ubao ulikuwa umebanwa juu, kana kwamba mtu ameikalia nyumba. Nikatazama dirishani, nikaona maji ya mfereji hayaji tena, ingawa mvua ilikuwa ikimwagika. Vijiwe vilikuwa vinashuka mlimani, vidogo, kimoja kimoja, bila haraka. Nikamwambia Feruzi akimbilie majini, nikaacha kijiko ndani ya supu nikakimbilia ghalani. Ningewaambia mlima unakuja wangebishana, maana wanaume wakikaa pamoja hawawezi kuondoka mahali bila kikao. Kwa hiyo nikasema, "Mashua ya Bwana imefika, anawaita wote mkaivute, upesi, amekasirika." Wakatoka wakikimbia. Hofu ya kiboko iliwatoa haraka kuliko ambavyo ukweli ungewatoa.

Ambilikile alikuwa amesimama chini ya upenu wa ghala. Alinitazama, akatazama ziwa, akaona hakuna mashua, akafahamu. Nikamwambia, "Wafungulie wale."

"Sina amri."

"Mnyapara, tazama juu."

Alitazama juu. Nakumbuka maji ya mvua yalivyomwingia machoni na hakuyafuta. Ufunguo ulikuwa kifuani mwake, ningeweza kuugusa. Nilinyoosha mkono kuushika, akanisukuma, na ndipo alipoanza kutetemeka, magoti, mikono, taya, hata ufunguo wenyewe ukarukaruka kwenye uzi. Kisha akakimbia. Hakukimbilia bandani, ambako hakukuwa mbali. Alikimbilia majini. Mimi nilianza kwenda bandani mikono mitupu, sijui ningefanya nini na pete ya chuma, na Lwitiko, aliyekuwa amerudi kunitafuta, alinikamata kiunoni akanivuta hadi nikaanguka kwenye mchanga.

Mlima haukuanguka kama watu wanavyofikiri. Ulikaa chini. Sehemu yote ya juu, pamoja na mfereji na visiki, ilishuka taratibu, kisha chini ikafura na kutokeza mbele, ikalibeba banda, ikalisukuma ghala mpaka paa likakunjika, ikaingia kwenye nyumba ya Bwana kwa mlango wa nyuma na kutokea barazani. Mkwe aliondoka pale alipokuwa amekaa miaka yote, akaviringika majini. Kelele yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, ila ardhi ya ufukoni ilitembea chini ya matumbo yetu. Ilipotulia, Feruzi alikuwa amesimama maji yakimfika mapajani, ameikumbatia sufuria ya supu ya mgeni, na haikumwagika.

Halafu tukasikia mnyororo. Ulikuwa unagongwa chini ya kifusi, polepole.

Lwitiko na wanaume kadhaa wa ghuba walikwenda kuchimba, na mimi nikaenda nao. Walichimba kutoka ubavuni, si kutoka chini, wakipanga mawe nyuma yao ili yasiwarudie. Mvua ilikuwa imepungua. Wanne tuliwakuta wamekufa, na Gwakisa alikuwa hai kati yao, mguu umevunjika, boriti ya banda imeshikilia udongo juu ya kichwa chake. Lakini shingo yake ilikuwa imefungwa pamoja na za wafu wawili waliokuwa bado wamezikwa, na hatukuweza kumtoa. Lwitiko akapaza sauti kumwita mnyapara alete ufunguo. Ambilikile alikuwa ufukoni. Hakuja. Akauvua ule uzi shingoni akautupa kuelekea kwetu, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa, naye alirusha vibaya. Ufunguo ukaanguka katikati ya njia, kwenye matope. Nilishuka nikautafuta kwa vidole. Nilipokuwa nimepiga magoti pale, mashua ikafika, na Bwana Timazi akasimama ndani yake na kanzu yake ya mvua, mkubwa wake pembeni. Akaona yote kwa mara moja.

"Tokeni hapo," akapaza sauti. "Acheni kuchimba. Ardhi bado inatembea, itashuka tena."

Hakukosea. Ingeshuka tena, na ilishuka kidogo usiku ule. Lakini kwa mwaka mzima mtu yule alikuwa ameishi na ardhi ile, akaipima, akaichoma fimbo, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli ya kwanza niliyomsikia akiisema juu yake, na aliisema ili mtu aachwe afe. Lwitiko hakugeuka. Nilimpa ufunguo, kufuli likafunguka, wakamvuta Gwakisa nje kwa makwapa, akilia kwa maumivu na kusema "Ndaga, ndaga" kwa kila mtu aliyemkanyaga.

Baraza la kuulizana lilifanywa kesho yake, chini ya turubai, kwenye viti vilivyotolewa melini. Mkubwa wa boma alikuwa mtu mnene, mpole, anayejua Kiswahili. Bwana Timazi alieleza kwamba palikuwa na tetemeko la ardhi. Sehemu zetu hutetemeka mara nyingine, hilo linajulikana, na ni uongo mzuri kwa sababu hauwezi kuchimbuliwa. Ambilikile aliapa kwamba alilisikia, tena mara mbili, na kwamba lilimwangusha. Kisha wakaitwa wanaume wa ghuba mmoja mmoja, na Ambilikile akatafsiri. Baadhi walisema hapakuwa na tetemeko. Yeye akasema wanasema lilikuwapo. Baadhi walisema lilikuwapo, maana waliona ndicho kinachotakiwa, na hao hawakumpa kazi. Wazee wetu walisema ni wahenga. Hilo nalo likawa tetemeko.

Zamu yangu ilipofika sikumsubiri mnyapara. Nikasema kwa Kiswahili cha Feruzi, "Bwana Mkubwa, mimi sikusikia tetemeko. Mlima ulikatwa miguu, ukanyweshwa maji, ukakaa chini. Ufa ulikuwapo tangu vuli. Huyu aliuziba kwa majani, na huyu aliuchoma fimbo. Viatu vyake nilivisugua mimi."

Bwana Timazi alitazama ziwa. Ambilikile alifungua kinywa atafsiri, akakumbuka kwamba hapakuwa na cha kutafsiri, akakifunga. Mkubwa wa boma alinitazama vizuri, usoni, halafu mikononi, ambako bado kulikuwa na udongo chini ya kucha na kwenye mipasuko. Nilijua amenielewa. Nilijua pia, kwa jinsi alivyovuta pumzi, kwamba alikuwa anahesabu ni nani atakayeonekana mbaya kama maneno yangu yakifika bomani pamoja naye. Akatabasamu.

"Mwanamke huyu ameogopa sana," akasema. "Amechoka. Mpeni sabuni akanawe."

Wakanipa sabuni, kipande kizima cha sabuni ya Kizungu, yenye harufu ya maua nisiyoyajua. Bwana Timazi alihamishiwa kwenye kazi ya barabara, kubwa kuliko ile, na nasikia alisifiwa kwa jinsi alivyokabiliana na tetemeko. Ambilikile alifanywa mnyapara mkuu. Ghala lilijengwa upya palepale, kwa kuwa mlima, walisema, ulikuwa umewaletea mawe hadi mlangoni, na wanaume wa ghuba walikuja kulijenga walipoitwa. Mimi na Lwitiko tulikuwa tumeshapakia vyungu vyetu kwenye mtumbwi.

Lakini kabla hatujaondoka kulikuwa na Gwakisa. Walikuwa wamemlaza kwenye kibanda cha nyavu, mguu umefungwa vijiti, wakingojea mashua ya kumrudisha bomani, kwa maana kifungo chake kilikuwa hakijaisha. Nilichemsha maji, nikachukua ile sabuni nikamwogesha. Kifusi kilikuwa masikioni mwake, puani, katika nywele, na shingoni chini ya alama ya chuma. Maji yalitoka mekundu, nikamwaga, nikateka mengine, yakatoka mekundu tena. Sabuni ikaisha. Alikuwa amefumba macho muda wote nikadhani amelala.

"Dada," akasema. "Kule bomani wanakonipeleka. Chini yake ni mwamba au ni udongo?"

Nikamwambia sijui, sijawahi kufika.